Nikotini Bila Tumbaku: Je, Hukumu Imebadilika?

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi wa Kitale na Bungoma)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. 

Amma ba'ad. Nimeombwa nizungumze kuhusu vepu na vile vifuko vyeupe vinavyowekwa chini ya mdomo. Nitaanza na jawabu ambalo kijana hulitoa akiulizwa na mzazi wake: "Baba, hii si sigara. Haina tumbaku." Jawabu hilo si uongo wote, na hapo ndipo hatari ilipo. Inawezekana kweli haina tumbaku. Lakini je, haina nikotini?

NIKOTINI NI KITU GANI?

Nikotini ni kemikali iliyomo ndani ya jani la tumbaku. Mmea huitengeneza ili kujikinga na wadudu. Ndugu zetu wa upande wa Malakisi hawahitaji kufundishwa tumbaku. Wako waliosomeshwa kwa pesa za jani hilo. Wanasayansi wa Ujerumani waliitenga nikotini kutoka kwenye jani mwaka 1828. Mwaka 1904, Amé Pictet wa Geneva akafaulu kuiunda katika maabara kwa kuunganisha kemikali. Kwa hivyo nikotini ya maabara si jambo jipya. Kwa muda mrefu haikuwa na soko kubwa, kwa sababu kuitoa kwenye jani kulikuwa rahisi zaidi.

Iwe imetoka shambani au maabara, uraibu wake ni ule ule. Ikivutwa hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache, moyo huenda mbio, na ubongo huanza kuidai tena. Kijana yuko hatarini zaidi, maana ubongo wa binadamu huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25.

KWA NINI WALILIACHA JANI?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu leo. Huko Marekani, sheria ya mwaka 2009 iliipa FDA, idara inayosimamia dawa na vyakula, mamlaka juu ya bidhaa zinazotokana na tumbaku. Vepu za Puff Bar, zilizopendwa na vijana kwa ladha zake za matunda, zikabanwa na idara hiyo. Mwaka 2021 zikarudi sokoni, zikitangazwa kuwa nikotini yake haikutokana na tumbaku. Jani limeondolewa, kwa hivyo, kwa maneno yao, sheria haiwahusu! Bunge la Marekani likaziba mwanya huo mwezi wa Machi 2022: FDA ikapewa mamlaka juu ya nikotini ya chanzo chochote. Je, mambo yakaisha? La. Wengine wakaja na kemikali nyingine, ndugu wa nikotini, wakisema hii si nikotini kabisa.

Sasa turudi kwetu Kenya. Sheria yetu ya kudhibiti tumbaku ni ya mwaka 2007. Inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Lakini inapoeleza bidhaa ya tumbaku ni nini, inataja kitu kilichotengenezwa kwa tumbaku, yaani majani yake na kilichotolewa kwenye majani hayo. Basi nikotini ambayo haikuwahi kuwa jani iko wapi? Mlango uko wazi.

Na hata nikotini isiyo ya maabara imetusumbua. Mwaka 2019 vifuko vya Lyft viliingia soko letu vikiwa vimesajiliwa chini ya sheria ya dawa na sumu. Mwezi wa Oktoba 2020 aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akaandika kwamba usajili huo haukufuata sheria. Tazama: kitu kimoja, leo ni dawa, kesho si dawa, na kwenye sheria ya tumbaku hakikai vizuri. Mwaka 2024 Seneta Catherine Mumma alipeleka mswada katika Seneti wa kurekebisha sheria ile, ili vepu na vifuko vya nikotini viingizwe ndani yake.

Majirani zetu walitutangulia. Uganda ilipitisha sheria yake mwaka 2015, na ndani yake ikapiga marufuku kuingiza na kuuza sigara za elektroniki. Kutoka Kitale mpaka Suam, au kutoka Bungoma mpaka Lwakhakha, si safari ya mbali. Ukivuka tu, kitu kile kile kinakuwa haramu kisheria. Je, mapafu ya kijana wa Bungoma na ya kijana wa Mbale yana tofauti gani?

DINI INASEMAJE?

Ndugu zangu, sisi tumefundishwa njia ya kufikiri ambayo ingewasaidia hata watunga sheria. Sayyidna Umar (R.A.) alieleza akiwa juu ya mimbari kwamba khamri haitazamwi kwa asili yake, kama ni zabibu, tende, asali au nafaka, hutazamwa kwa kazi yake ya kuifunika akili. Mafaqihi huiita ile sababu ya hukumu illa: ikiwepo illa, hukumu ipo. Sisemi nikotini ni khamri, kwani hailevyi kama pombe. Nasema mizani ni ile ile. Usiulize kimetoka wapi peke yake. Uliza kinafanya nini.

Juu ya tumbaku wanazuoni walitofautiana. Wako waliosema ni makruhu, na wengi wa zama zetu, baada ya madhara kubainika, wamesema ni haramu. Aliyeichukia tumbaku kwa madhara, uraibu na israfu, atazikuta sababu za namna hiyo kwenye vepu pia, hata kama vepu haina moshi wa kuungua.

Na mnakijua kisa cha watu wa Jumamosi. Walikatazwa kuvua siku hiyo, wakatega nyavu kabla yake na kutoa samaki baada yake. Kwa ndimi zao hawakuvua Jumamosi. Je, hila ile iliwafaa kitu mbele ya Allah? Basi na anayesema "jani halimo" ajitazame.

TUFANYE NINI?

Kwanza, vijana. Anayevuta vepu mchana kwa makusudi amefungua, sawa na mvuta sigara. Na kifuko cha mdomoni, maji yake yakimezwa, ni hivyo hivyo. Lakini mimi sikuja kukukemea. Wewe unayefunga umekaa zaidi ya saa 13 bila kuvuta, kila siku. Nani alikwambia huwezi? Shida ya kuacha huwa kali zaidi siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua kwa muda wa wiki mbili mpaka nne. Huo ni mwezi wa Ramadhan! Futuru kwa tende na maji, nenda Tarawehe, na usiirudie usiku ule ulichokiacha mchana. Ukizidiwa, piga simu 1192 ya NACADA, ni bure.

Pili, wazazi. Vepu nyingine zafanana na kalamu au flashi ya kompyuta, na harufu yake ni ya embe au peremende. Usingoje kunusa moshi. Ongea na mwanao, na umsikilize.

Tatu, ndugu zangu wenye maduka. Utasema, "Sheria haijanikataza." Sawa. Lakini wewe unamjua mtoto anayeingia dukani kwako akiwa na sare ya shule. Faida ya kopo moja la vifuko haiwezi kuwa riziki unayoiombea baraka katika mwezi huu. Liondoe kwenye rafu kabla serikali haijakuamuru. Ukingoja kuamriwa, umeikosa thawabu.

Nne, sisi sote. Tuwaulize wabunge na maseneta wetu wa Trans Nzoia na Bungoma: sheria itataja nikotini ya chanzo chochote, na ndugu zake wa kemikali, au itabaki ikilifukuza jani peke yake?

Namuomba Allah atukubalie saumu zetu, awahifadhi vijana wetu, na awape nguvu wanaotaka kuacha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.