Ongea na Mwanao Tangu Siku ya Kwanza

Mama, baba, bibi, na wewe dada unayelea: mtoto mchanga anakusikia. Kusema bado, lakini anakusikia. Sauti ya mama yake aliizoea tangu akiwa tumboni.

Kwa hiyo, ongea naye.

Unapomnyonyesha, mtazame usoni. Macho yake hayajaweza kuona mbali, ila uso wako, pale kifuani, anauona. Unapomwogesha, mwambie unachofanya: "Haya, tunaosha mkono. Mwingine uko wapi?" Akisema "aguu," nawe mjibu "aguu." Kisha nyamaza kidogo, msubiri. Atakujibu tena. Hayo ndiyo mazungumzo yake ya kwanza, na yanaujenga ubongo wake.

Wakikaribia miezi miwili, watoto wengi hutabasamu ukiwachekea. Kufikia miezi minne, shingo imekaza, na sauti yako anaigeukia. Watoto hawalingani, usimshindanishe na wa jirani.

Lakini akifika miezi mitatu hatabasamu, au hashtuki mlango ukibamizwa, usingoje. Usiseme, "Atakua tu." Chukua kadi yake, mpeleke kliniki, umweleze muuguzi ulichokiona.

Na wewe baba, usimwachie mama peke yake. Ukirudi kazini, nawa mikono, mpakate mwanao, mwite kwa jina lake.

Simu haimjibu mtoto. Televisheni haimjibu. Wewe unaweza kumjibu. Ongea na mwanao leo. Ongea naye kila siku.