Bomba la Salfa Lisivuje Pumzi

Ubwiri unga haumngoji fundi. Bomba la injini likigoma wakati mikorosho inachanua, maua yatakauka na mavuno yamekwenda. Basi leo tuitazame sili ya krenki.

Injini hii inayotumia petroli iliyochanganywa na oili ina kazi mbili chini ya pistoni. Pistoni ikipanda, chumba cha krenki huvuta mchanganyiko. Ikishuka, huubana na kuusukuma juu. Kwa hiyo chumba hicho lazima kizibe kabisa. Sili ikichakaa, hewa tupu hupenya. Petroli hupungua, na oili pia, maana zinakuja pamoja. Injini hupata moto, na mwisho pistoni hukwama.

Na zile za silinda mbili, kama injini nyingi za mashua? Kila silinda ina chumba chake, na katikati pana kizuizi. Pistoni moja ikishuka, mwenzake hupanda. Vyumba vikiungana, kimoja kitapumulia kingine, nguvu hakuna.

Dalili ni hizi: injini ngumu kuwaka, au mlio unapanda wenyewe hata ukiachia mafuta.

Ukifika Kariakoo, pale Gerezani, usiseme tu, "Nipe sili ya bomba." Shika ile ya zamani, usome namba zake. Kwa mfano 12-22-7: tundu milimita 12, upana wa nje 22, unene 7. Wakati wa kufunga, paka oili kidogo, na mdomo wenye springi utazame ndani.

Haya ndugu, kagua bomba lako kabla ya msimu. Kazi njema!