Je, Neema ya Majumba katika Uchina Imekwisha?

Yafuatayo ni maneno ya hotuba kama yalivyosomwa.



Nimeombwa niseme nanyi juu ya ujenzi wa nyumba katika nchi ya Uchina, na hasa nilijibu swali hili: je, ile neema iliyodumu zaidi ya miaka ishirini imefika mwisho wake, au ni kupumzika tu kwa muda? Nitawapa jawabu langu mapema, msije mkaketi mkilingojea. Neema ile ilikwisha mwaka 2021, wala sioni njia ya kurudi kwake kwa namna ile tuliyoijua. Lakini jawabu tupu halimfai mtu, kwa hiyo yafaa tuanze tangu mwanzo.

Zamani mtu wa mjini katika Uchina hakununua nyumba. Alipewa na kiwanda chake, au ofisi yake, au shule aliyofundisha, naye alilipa kodi ndogo mno. Nyumba hizo zilikuwa chache na za kubanana. Mara nyingi jamaa kadhaa walitumia jiko moja. Mwaka 1998 serikali, chini ya Waziri Mkuu Zhu Rongji, ilikata shauri kukomesha desturi hiyo. Wale waliokuwa ndani waliuziwa nyumba zao kwa bei ya chini, na waliokuja nyuma yao waliambiwa watafute sokoni. Hapo ndipo biashara ya majumba ilipozaliwa, na ilizaliwa wakati ambapo watu wa mashamba walikuwa wakimiminika mijini kwa mamilioni kila mwaka. Mwaka 1978 watu waliokaa mijini walikuwa kama 18 katika kila 100. Mwaka 2024 walikuwa 67. Watu wote hao walihitaji mahali pa kulala, na mtu asidhani kwamba neema hii ilikuwa ndoto tangu mwanzo. Ilikuwa na sababu za kweli, na mamilioni ya watu walihama kutoka vyumba duni wakaingia katika nyumba zenye maji, umeme na choo cha ndani.

Sasa hapana budi nieleze habari ya ardhi, maana hapo ndipo palipo na shina la mambo yote. Katika miji ya Uchina ardhi ni mali ya dola. Mwenye nyumba hununua haki ya kuitumia kwa miaka 70. Anayeuza haki hiyo ni serikali ya mji au ya wilaya. Mwaka 1994 mpango wa kodi ulibadilishwa, na sehemu kubwa zaidi ya kodi ikaenda Peking, ilhali kazi za shule, hospitali na barabara zilibaki mikononi mwa miji. Miji ilifanyaje? Iliuza ardhi. Fedha za shamba la kwanza zilijenga barabara, na barabara ilipofika, shamba la pili likapanda bei. Mwaka 2021 mapato ya namna hii katika nchi nzima yalifika yuan trilioni 8.7. Basi twaona kwamba wale waliopaswa kuwa wasimamizi wa soko walikuwa wao wenyewe wauzaji wakubwa sokoni, na muuzaji hapendi bei ishuke.

Na wanunuzi nao walikuwa na sababu zao. Riba ya benki ilikuwa ndogo, soko la hisa halikuaminika, na kupeleka fedha nchi za nje kuliwekewa mipaka. Tena kuna jambo ambalo sisi tulio na desturi ya mahari tutalifahamu upesi: kijana wa kiume asiye na nyumba alipata taabu kumpata mchumba, kwa kuwa wazazi wa msichana waliuliza habari ya nyumba kabla ya kuuliza mengine. Wachina wenyewe wana msemo wa mifuko sita, yaani mifuko ya wazazi na ya mababu na mabibi wa pande zote mbili, yote ikikamuliwa ili kijana mmoja apate malipo ya kwanza ya nyumba. Benki Kuu ya nchi hiyo ilichunguza mali ya watu wa mijini mwaka 2019, ikaona kwamba jamaa 96 katika kila 100 walikuwa na nyumba yao wenyewe, na kwamba karibu 60 katika kila 100 ya mali yao yote ilikuwa ndani ya nyumba. Watu wa nchi nzima walikuwa wameweka akiba yao katika matofali.

Nataka nikae kidogo juu ya namna nyumba hizo zilivyouzwa, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi walipoumia. Tumfikirie mwalimu katika mji wa wastani. Anakwenda katika ofisi ya kampuni ya ujenzi, naye anaonyeshwa mfano mdogo wa mtaa mzima chini ya kioo, wenye miti midogo na taa ndogo. Nyumba yenyewe bado ni shimo la msingi. Hata hivyo analipa malipo ya kwanza, anakwenda benki kukopa yaliyosalia, na tangu mwezi unaofuata anaanza kulipa deni la nyumba ambayo haipo. Kwa miaka miwili au mitatu analipa kodi ya pango mahali anapokaa, na pamoja nayo deni la mahali ambapo hajakaa. Katika miaka ya mwisho ya neema hiyo, zaidi ya nyumba nane katika kila kumi zilizouzwa mpya ziliuzwa kwa njia hii.

Kwa sheria, fedha za mwalimu huyo zilipaswa kuwekwa katika hesabu ya benki iliyo chini ya uangalizi, zitolewe kidogo kidogo kadiri jengo linavyopanda. Lakini wenye mamlaka wa miji mingi walilegeza kamba. Kampuni ilizitoa fedha mapema, ikanunua ardhi nyingine kwa mji ule ule, ikachimba shimo jingine na kuweka mfano mwingine chini ya kioo. Maadamu wanunuzi wapya walikuja, nyumba za wale wa kwanza zilikwisha. Siku wanunuzi wangepungua, hapangekuwa na fedha za kumaliza hata moja.

Kampuni iliyofanya hivyo kwa ukubwa kuliko nyingine ni Evergrande, iliyoanzishwa katika mji wa Guangzhou mwaka 1996 na Hui Ka Yan, mtu aliyezaliwa kijijini katika jimbo la Henan. Ilijenga katika mamia ya miji. Haikutosheka na nyumba. Iliuza maji ya chupa, ikajitia katika magari ya umeme, na ikawa na timu ya mpira iliyotwaa ubingwa wa Asia mwaka 2013 na mwaka 2015. Madeni yake yalipita dola bilioni 300. Sijui kama kuna kampuni nyingine ya majumba iliyopata kudaiwa kiasi hicho.

Mwezi wa Agosti 2020 serikali ya Peking, ikiona hatari, iliweka mipaka mitatu ambayo watu waliiita mistari myekundu. Kampuni iliyovuka mistari hiyo, kwa kuwa na madeni mengi mno yakilinganishwa na mali na mtaji wake au fedha taslimu chache kuliko madeni ya karibu, ilizuiwa kukopa zaidi. Nia ilikuwa njema. Rais Xi Jinping alikuwa amekwisha sema tangu mwaka 2016 kwamba nyumba ni za kukaa, si za kuchezea bahati. Ila dawa iliyotolewa kwa mgonjwa aliyezoea sumu ilimwangusha mara moja. Evergrande ilishindwa kulipa mwezi wa Desemba 2021. Country Garden, ambayo watu waliidhani kuwa imara, ilishindwa mwezi wa Oktoba 2023. Mwezi wa Machi 2024 wasimamizi wa masoko ya mitaji walitangaza kwamba Evergrande ilikuwa imezidisha mapato katika hesabu zake za mwaka 2019 na 2020 kwa yuan bilioni 564. Wakati huo mahakama ya Hong Kong ilikuwa imekwisha amuru kampuni hiyo ivunjwe, na mwezi wa Agosti 2025 jina lake lilifutwa katika soko la hisa la huko.

Mwalimu wetu je? Mwaka 2022, katika mji wa Jingdezhen unaojulikana kwa vyombo vya kauri, wanunuzi wa mtaa mmoja uliosimama nusu walitangaza kwamba kazi isipoanza tena, hawatalipa tena mikopo yao. Kwa muda wa majuma machache tu wanunuzi katika mitaa zaidi ya 300, katika miji karibu 100, walifuata. Wengine walihamia ndani ya maghorofa yasiyo na madirisha, maji wala umeme, wakapanda ngazi za zege kwa mwanga wa kurunzi, kwa kuwa hawakuweza kulipa pango na deni pamoja. Serikali ilishtuka, na tangu hapo shabaha yake kubwa imekuwa kuhakikisha kwamba nyumba zilizouzwa zinamalizika. Ilitoa mikopo maalum, na mwezi wa Januari 2024 ikaanza kuandika orodha ya majengo ambayo benki ziliambiwa ziyakopeshe.

Sasa nije kwenye hesabu, nami nitataja chache tu. Mwaka 2021 majengo mapya yaliyouzwa yalifika meta za mraba kama bilioni 1.79. Mwaka 2024 yalikuwa milioni 974. Majengo yaliyoanzwa kujengwa yalikuwa bilioni 2.27 mwaka 2019. Mwaka 2024 yalikuwa milioni 739, yaani hayafiki theluthi moja. Mapato ya miji kutokana na ardhi yalishuka mpaka yuan trilioni 4.87 katika mwaka huo wa 2024. Mtu akiniambia kwamba huko ni kupumzika, nitamwomba anionyeshe nani amepata kupumzika hivyo akaamka na nguvu zile zile.

Wako watu wenye akili wasiokubaliana nami, na si haki kuwanyamazia. Husema kwamba katika Shanghai nyumba za matajiri ziliendelea kuuzwa hata soko lilipokuwa chini. Ni kweli, lakini Shanghai si Uchina. Nendeni katika Hegang, mji wa makaa ya mawe ulio karibu na mpaka wa Urusi, ambako fleti zimeuzwa kwa bei isiyofikia ya gari dogo, kwa sababu vijana wameondoka. Miji ya namna ya Hegang, mikubwa kidogo au midogo kidogo, ni mingi kuliko miji ya namna ya Shanghai.

Husema tena kwamba watu wa mashamba bado watakuja mjini. Watakuja, ila si kwa wingi ule. Mwaka 2022 idadi ya watu wa Uchina ilipungua kwa 850,000, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu miaka ya njaa kuu ya mwanzo wa miaka ya 1960. Mwaka 2023 ilipungua kwa milioni mbili na zaidi, na watoto waliozaliwa mwaka huo walikuwa kama milioni 9. Mtoto mmoja asiye na ndugu, akimwoa mwenziwe asiye na ndugu, siku moja watarithi nyumba za wazazi wa pande zote mbili. Watanunua ya nini tena?

Hoja ya tatu ni kwamba serikali ina nguvu, nayo haitakubali soko lianguke. Hoja hii ina uzito zaidi. Katika Ireland bei za nyumba zilianguka karibu nusu kati ya mwaka 2007 na 2013, na benki zikaanguka pamoja nazo. Katika Uchina benki kubwa ni za dola, na hazikuachwa zianguke. Mwezi wa Mei 2024 malipo ya kwanza yalipunguzwa mpaka 15 katika 100, na Benki Kuu ikatenga yuan bilioni 300 ili makampuni ya serikali za miji yanunue nyumba zilizokosa wanunuzi. Lakini nguvu hiyo huzuia kishindo tu. Haileti watu wa kukaa ndani ya nyumba. Mfano unaofanana zaidi, kwa maoni yangu, ni Japani, ambako bei za ardhi zilifika kileleni mwaka 1991 kisha zikateremka polepole kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka watu wakazoea.

Jambo hili halikuishia mipakani mwa Uchina. Viwanda vilivyokuwa vikiyeyusha chuma kwa ajili ya maghorofa hayo havikufungwa vyote. Vilitafuta wanunuzi nje, na mwaka 2024 Uchina iliuza ng'ambo tani zaidi ya milioni 110 za chuma, hata nchi nyingine zikapandisha ushuru ili kuvilinda viwanda vyao.

Na wale waliolipia mashimo ya misingi, wengi wao sasa wamepewa funguo. Wameingia wakakuta kuta, milango na lifti. Shule iliyokuwamo katika ule mfano chini ya kioo mara nyingine haikujengwa, na maduka ya chini yamefungwa kwa mabati. Fleti iliyo jirani, ya ukubwa ule ule, inauzwa kwa bei ndogo kuliko deni walilobakiwa nalo benki, nao wanaendelea kulilipa kila mwezi.