Urithi wa Morogoro Haukukoma Mwaka 1863



Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, huhifadhi moja kwa moja majengo na vitu vilivyofanywa na mikono ya binadamu kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo halina kinga hiyo mpaka Waziri alitangaze. Katika Mkoa wa Morogoro mpaka huo umezaa matatizo mawili.

Tatizo la kwanza ni la mabaki yenye kinga ambayo hayatambuliwi. Huko Dakawa, katika tambarare za Mto Wami, watafiti walikuta mavi ya chuma na vigae vya wahunzi na wafinyanzi walioishi hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa mkulima mwenye jembe au dereva wa tingatinga, hayo ni mawe meusi tu. Hata kilichoonekana na wote hutoweka. Mji wa Simbamwene, aliouimarisha Kisabengo chini ya milima ya Uluguru, ulikuwa na kuta na minara ya mawe Stanley alipoupitia mwaka 1871; mwaka uliofuata mafuriko yaliubomoa ukuta wake wa mbele. Mafuriko hayazuiliki kwa sheria, lakini tingatinga lazuilika.

Tatizo la pili ni la majengo yaliyozaliwa nje ya mpaka huo. Ndivyo ilivyo nyumba ya Morningside, iliyojengwa zama za Wajerumani kwenye miteremko ya Uluguru. Ndivyo ilivyo pia Mazimbu, shamba la zamani la mkonge walilopewa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wakajenga Chuo cha Solomon Mahlangu. Mwaka 1992 walikikabidhi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makaburi ya wenzao yangali pale. Mkuu wa chuo anayehitaji madarasa zaidi hana kosa. Lakini ukarabati usiotanguliwa na picha na kumbukumbu za maandishi hufuta historia kwa nia njema.

Kwa hiyo kazi ya ulinzi yaanzia wilayani na shuleni. Afisa ardhi, kabla ya kugawa viwanja au kupisha barabara, hana budi kuiuliza Idara ya Mambo ya Kale. Mwalimu aweza kuwaongoza wanafunzi kuorodhesha makaburi, matambiko na majengo ya kale ya kijiji, na kuwaonya wasichimbe, kwani uchimbaji bila leseni umekatazwa. Orodha hiyo ikifika kwa Afisa Utamaduni, Waziri atakuwa na cha kutangaza.

Jengo linaloweza kubomolewa kwa siku moja halina muda wa kungoja tangazo la miaka kumi. Hapana budi liandikwe sasa, na wale wanaoishi jirani nalo.