Hesabu ya Siku za Mwezi kwa Wanaotafuta Mtoto

Leo chukueni daftari na kalamu, maana tutafanya hesabu ya kutoa. Kama kuna kalenda ukutani, ishusheni muiweke mezani.

Mambo tutakayosema leo kwa kawaida hayasemwi mbele ya watu. Katika madarasa mengine akina mama wataona haya kuketi pamoja na wanaume, na hilo si ajabu. Mwalimu aweza kuwagawa, wanawake upande huu na wanaume upande ule, wote wakasoma maneno yale yale. Lakini wanaume wasitoke nje. Somo hili ni lao pia, nao wataona sababu kabla hatujafika mwisho.

Tuseme kuna mama mmoja katika nchi ya pamba. Ameolewa miaka miwili, hajapata mtoto. Mama mkwe wake ameanza kuhesabu miezi kwa sauti. Wifi yake anamnyonyesha mtoto wa tatu. Mumewe hasemi neno, lakini jioni nyingine ndugu zake huja kuzungumza naye barazani, na mama huyu akitoka na chai wote hunyamaza. Yeye anajua wanazungumza juu ya nini. Wanazungumza juu ya mke wa pili.

Siku zake za mwezi haziji kwa mpango. Mara zinawahi, mara zinachelewa hata anadhani ameshika mimba, kisha damu inakuja. Rafiki yake amemwambia hivi: “Yai la mwanamke hutoka siku ya 14. Hesabu tangu siku damu ilipoanza, na siku ya 14 ulale na mumeo.” Mumewe anafanya kazi mjini katika kiwanda cha kuchambua pamba, naye huja nyumbani akiitwa. Basi kila mwezi mama huhesabu siku 14, humwita, naye huja siku hiyo moja. Wamefanya hivyo kwa uaminifu, na mimba haijaonekana.

Sasa tazameni kosa liko wapi. Mama huyu, kwa bahati njema, aliziandika tarehe zake nyuma ya daftari la shule ya watu wazima. Damu ilianza tarehe 3 Machi. Ikaanza tena tarehe 30 Machi, kisha tarehe 10 Mei, kisha tarehe 12 Juni, kisha tarehe 11 Julai. Hesabuni wenyewe juu ya kalenda. Tangu 3 Machi mpaka 30 Machi ni siku 27. Mpaka 10 Mei ni siku 41. Mpaka 12 Juni ni siku 33. Mpaka 11 Julai ni siku 29. Kila kipindi cha namna hii, tangu siku ya kwanza ya damu hata siku ya kwanza ya damu nyingine, tunakiita mzunguko.

Yule rafiki hakusema uongo mtupu. Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni siku 28, yai hutoka karibu na siku ya 14. Lakini siku hizo 14 hazihesabiwi kutoka mbele, huhesabiwa kutoka nyuma. Yai hutoka kama siku 14 kabla ya damu inayofuata, siku chache zaidi au pungufu. Sehemu inayotangulia kutoka kwa yai ndiyo inayorefuka na kufupika sana. Mwezi ukichelewa, mara nyingi maana yake ni kwamba yai lenyewe lilichelewa.

Jambo hili halikujulikana zamani. Daktari mmoja wa Japani, Kyusaku Ogino, ndiye aliyelieleza mwaka 1924. Alipokuwa akiwapasua wagonjwa wake alitazama vifuko vyao vya mayai, kisha akalinganisha alichokiona na tarehe zao za damu. Mwaka 1928 daktari wa Austria, Hermann Knaus, akitumia njia nyingine, alifika karibu pale pale. Baadaye watu wengi walitumia hesabu hiyo ili kuzuia mimba, lakini inafaa vile vile kwa anayeitafuta.

Basi toeni siku 14 kutoka kila tarehe ya damu iliyofuata. Mzunguko wa kwanza: 30 Machi, toa siku 14, tunapata 16 Machi. Na siku ya 14 kwa hesabu ya rafiki ilikuwa 16 Machi pia. Hapo walipatia. Mzunguko wa pili: 10 Mei, toa siku 14, tunapata 26 Aprili. Lakini mume aliitwa tarehe 12 Aprili! Alikuja, akarudi kazini, na yai likatoka wiki mbili nyuma yake. Mzunguko wa tatu: yai karibu na 29 Mei, mume alikuja 23 Mei. Mzunguko wa nne: yai karibu na 27 Juni, mume alikuja 25 Juni. Basi kwa miezi hiyo yote, watu hawa waliotafuta mtoto kwa bidii walikuwa na nafasi nzuri mara mbili tu.

Yafaa tujue pia nafasi hiyo ni ndefu kiasi gani. Yai likisha kutoka haliishi zaidi ya siku moja. Mbegu za mume zina subira zaidi: ndani ya mwili wa mwanamke zaweza kuishi hata siku 5 zikilingojea yai. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walichapisha habari za wanawake 221 wa North Carolina waliokuwa wakitafuta mimba, ambao mkojo wao ulipimwa kila siku. Mimba zote zilipatikana kwa kulala pamoja katika siku sita, yaani siku tano kabla ya yai na siku yenyewe ya yai. Baada ya hapo, hakuna. Kwa hiyo kutangulia ni bora kuliko kuchelewa.

Labda wewe msomaji umekwisha kuona shida. Ukitoa 14 kutoka tarehe ya damu inayofuata, lazima uingoje damu hiyo ije kwanza. Hesabu hii hukuonyesha yai lililokwisha kupita, kama mtu anayeona nyayo za mgeni asubuhi. Kwa mwanamke ambaye miezi yake yafanana, nyayo za jana zamwonyesha njia ya kesho. Kwa mama yetu wa 27, 41, 33 na 29, hazimwonyeshi. Kwa sababu hiyo hiyo, zile shanga za rangi zitolewazo katika kliniki nyingine kwa kuhesabia siku hazimfai, maana zimetengenezwa kwa wanawake wenye mzunguko wa siku 26 hadi 32. Programu ya simu nayo, kama inakisia kwa tarehe za nyuma tu, itapotea vile vile.

Afanye nini basi? Auangalie mwili wake. Baada ya damu kukauka, wanawake wengi huwa wakavu kwa siku kadhaa. Kisha hutokea ute, kwanza mzito. Yai linapokaribia kutoka, ute huwa mwepesi, mwangavu, wenye kuteleza, na ukiushika kwa vidole viwili huvutika kama ute wa yai bichi la kuku. Hizo ndizo siku zenyewe. Ute ukisha kukauka au kuwa mzito tena, nafasi ya mwezi huo imepita. Alama hii haiulizi kalenda, ndiyo maana nasema inamfaa huyu kuliko hesabu. Lakini ute wenye harufu mbaya, au unaowasha, au wa rangi ya kijani, huo ni ugonjwa. Utibiwe.

Na kama kutazama kila siku kunaleta wasiwasi, iko njia rahisi zaidi: mume na mke walale pamoja kila siku ya pili au ya tatu, tangu damu inapokoma, bila kuhesabu kitu. Mbegu zitakuwapo wakati wowote yai litakapotoka. Kwa mume aliye mbali, afadhali aombe likizo akae nyumbani wiki tatu mfululizo kuliko kuja kwa siku moja moja kama mtu anayefuata barua posta.

Sasa tuseme juu ya hospitali. Mwezi kupotea njia mara moja si ugonjwa. Homa, safari, msiba, njaa, vyote vyaweza kuuchelewesha. Anayenyonyesha, msichana aliyevunja ungo karibuni, na mama anayekaribia kukoma hedhi, wote hao miezi yao huyumba. Aliyekuwa akichoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu aweza kungoja miezi mingi, pengine karibu mwaka, kabla ya mambo kurudi. Hiyo sindano haikumharibu kizazi.

Lakini mizunguko ikizidi siku 35 mara kwa mara, au ikipungua siku 21, au damu isionekane miezi mitatu, mwende mkaonwe na daktari. Mama wa siku 28 hupata mayai kama 13 kwa mwaka. Mama wa siku 40 hupata kama 9, na mwingine hutoka damu bila yai kutoka kabisa. Huo si utasa. Mara nyingi ni yai linalokawia tu, na huo ni katika upungufu unaotibika vizuri. Madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, walieleza mwaka 1935 hali moja ambamo vifuko vya mayai hujaa vijifuko vidogo vingi, na mayai hayapevuki kwa wakati. Dalili zake ni miezi mirefu, pengine na ndevu au chunusi nyingi. Leo tunajua kwamba ni hali ya wanawake wengi sana. Mwingine ana ugonjwa wa tezi ya shingo. Mwingine maziwa yanamtoka hali hanyonyeshi. Kila moja ina dawa yake, na daktari huitambua kwa kupima damu na kutazama kwa mashine ya picha.

Viko vidonge vya kuamsha mayai. Msivinunue dukani kwa kuambiwa na jirani. Vikitumiwa ovyo vyaweza kuvimbisha vifuko vya mayai, au kuleta mimba ya watoto wengi pamoja. Kadhalika dawa za “kushusha damu”: mama ambaye miezi yake yachelewa sikuzote aweza kuwa na mimba asijue, akanywa dawa kali akaiharibu mimba aliyoililia. Pimeni mkojo kwanza. Na mwezi ukichelewa, kisha yakaja maumivu makali chini ya tumbo upande mmoja, au kizunguzungu cha kuzimia, msingoje asubuhi. Huenda mimba imekaa nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo huua.

Haya, akina baba, ninyi mlioketi upande ule. Yai likitoka vizuri kila mwezi, bado lahitaji mbegu. Katika nyumba nyingi zinazokawia kupata mtoto, upungufu uko kwa mume, au uko kwa wote wawili. Mume mwenye nguvu zote za kiume aweza kuwa na mbegu chache au dhaifu, na hawezi kujua kwa kujitazama. Hujulikana kwa kupimwa, na kipimo chake ni chepesi kuliko vyote anavyopimwa mke, hakina kisu wala sindano. Kuoa mke wa pili kabla ya kipimo hicho ni kuingia gharama bila kujua shamba lina shida au mbegu. Kisonono cha zamani kisichotibiwa nacho chaweza kuziba mirija ya mke au ya mume, kwa hiyo mwelezeni daktari kweli.

Shirika la Afya Duniani linashauri mwende mkapimwe ikiwa mmelala pamoja mwaka mzima bila kinga na mimba haikupatikana. Mke akiwa amepita miaka 35, msingoje zaidi ya miezi sita. Aliye na miezi ya kuyumba sana asingoje hata hiyo sita. Nendeni wawili, si mke peke yake na mama mkwe. Chukueni daftari lenye tarehe, maana jambo la kwanza daktari atakalouliza ni hilo. Na wakati mnatafuta, mke aanze kumeza vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, ambavyo humkinga mtoto na kilema cha uti wa mgongo tangu siku za kwanza.

Hesabu ya darasa. Mama mwingine ameandika tarehe za kuanza damu: 5 Januari, 6 Februari, 2 Machi, 11 Aprili. Mwaka huo Februari ina siku 28. Tafuteni urefu wa kila mzunguko. Kisha tafuteni yai lilitoka karibu na tarehe gani kila mara. Mwisho someni tena habari za hospitali, mwandike katika mstari mmoja kama mama huyu aende kwa daktari au angoje, na kwa nini. Majibu tutayasoma wiki ijayo saa hii hii.