Kikulacho Ki Nguoni Mwako
(Hotuba juu ya kutu na gari la Chama, iliyosomwa na Karani katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imeniamuru niwaeleze kwa nini gharama za kutengeneza gari zimezidi mwaka huu. Sitaficha neno, kwa maana gari lile ni mali yenu, nalo ndilo lichukualo wagonjwa wetu hospitali na maiti zetu mpaka nyumbani bara.

Gari letu ni Land Rover ya zamani. Magari hayo yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na kwa kuwa chuma kilikuwa haba baada ya vita, mwili wake ulifanywa kwa alumini juu ya fremu ya chuma. Kwa hiyo tulidhani ubavu wake hauwezi kuliwa. Ulipotoboka, fundi alifunga kiraka cha chuma kitupu, nami nikatia sahihi hati ya malipo. Kila mwezi dereva alitafuta wekundu wa kutu, asiuone. Kumbe chini ya kiraka alumini ilikuwa ikigeuka unga mweupe, hata ubavu ukafunguka safarini tukiwa na marehemu garini, na jamaa zake wakalala njiani.

Kutu ya chuma huletwa na maji pamoja na hewa, na chumvi huiharakisha; nasi hapa Mombasa upepo wa bahari hatuukosi. Lakini liko balaa la pili. Madini mawili mbalimbali yakigusana, na maji ya chumvi yakiwa kati yao, huwa kama betri: umeme hupita, na lile lililo dhaifu huliwa upesi, huku jenziwe likihifadhika. Zinki ni dhaifu kuliko alumini, alumini kuliko chuma, na chuma kuliko shaba.

Jambo hili si geni. Mwaka 1761 Waingereza waliifunika manowari yao Alarm kwa shaba chini ya maji. Ilipokaguliwa mwaka 1763, misumari ya chuma ilikuwa imeliwa vibaya, ila ile iliyotengwa na shaba kwa kipande cha karatasi iliyonasa chini ya kichwa chake. Hata mabati ya nyumba zetu yatufundisha: ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki hutangulia kuliwa ili chuma kipone.

Basi Halmashauri yashauri hivi:

1. Alumini itiwe kiraka cha alumini. Ikilazimu kutumia chuma, mpira uwekwe kati, na pande zote mbili zipakwe rangi.

2. Kila wiki gari lioshwe chini kwa maji yasiyo ya chumvi, na tope lote litolewe, maana tope hushika unyevu.

3. Matundu ya kutolea maji chini ya milango yazibuliwe.

4. Dereva atazame wekundu na weupe pia. Na rangi ikivimba, pakwanguliwe mara moja.

Wazee wangu, naomba radhi kwa sahihi ile. Mpira na rangi ni vitu vya bei ndogo, na naomba mkutano huu uvikubali leo. Lakini aibu ya kumlaza marehemu kando ya njia hailipiki kwa fedha. Adui wa gari letu hakutoka mbali. Sisi wenyewe tulimfunga kwa bolti.