Mama Anatibiwa, Mtoto Je?

Tangu mwaka 2011, Muhimbili inatoa methadoni bure kwa wenye uraibu wa heroini, yaani unga. Dawa hunywewa kila siku, mbele ya mhudumu. Haya, mama anapopanda daladala asubuhi kufuata dozi, mtoto kaachiwa nani?

Tukitaka kujua kama huduma inafaa, tusihesabu walioacha unga tu. Tuulize pia: mtoto amekula? Yuko shuleni? Kadi ya kliniki imejazwa?

Sheria ya Mtoto ya 2009 imempa ofisa ustawi wa jamii kazi ya kulinda watoto. Basi yeye na kliniki washirikiane, mama asije akaogopa kunyang'anywa mwanawe, akaikimbia tiba.

Nawe jirani, usimwite teja. Msaidie kulea.